Uji Uliokataa Kulegea

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea kueleza mnisamehe. Naandika haya kwa sababu msimu ule nilishinda, na mimi si mtu wa kushinda mara nyingi.

Hapa kwetu Kerende palizi tunafanya kwa risaga: majirani wanakuja shambani kwako na majembe, wewe unawapikia pombe, wiki nyingine mnahamia kwa mwenzako. Pombe yangu ilitoka mbaya mara mbili mfululizo. Haikunuka wala haikuharibika, ila ilikuwa nyepesi, haimpandi mtu. Dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mkuu wa kundi, alisema mbele ya wote: "Wifi, nimekunywa kata tatu, nimeinuka nina akili kuliko nilivyokuja."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, maana ilikuwa kweli. Kisha akanivuta pembeni.

"Ya tatu ikiwa hivi sitaweza kuwaleta. Utapalilia peke yako."

Nilikuwa na ekari mbili za ulezi, na lile gugu linalofanana na ulezi wenyewe. Peke yangu nisingefika hata nusu kabla halijaumeza.

Ubaya ulianzia kwenye uji. Pombe yetu huanza kama uji mzito. Unauacha upoe kidogo, halafu unatia kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Kimea kikiwa kizima uji unalegea na kuwa mtamu, na utamu huo ndio unaogeuka pombe. Wangu ulikuwa haulegei. Nautia kimea asubuhi, jioni uko vilevile, mwiko umesimama katikati.

Wa kwanza kumlaumu alikuwa mtu wa mashine ya kusaga. Nilimwambia mbele ya foleni kwamba ananichanganyia kimea na mahindi ya watu.

"Shemeji," akasema, "mahindi meupe, ulezi mwekundu. Si ungeona?"

Niliondoka nimevimba. Njiani nikakiri moyoni kwamba ningeona.

Basi nikajigeukia mwenyewe. Mama mkwe alinifundisha kupima joto kwa kidole: ukiweza kukiacha kwenye uji ukahesabu mpaka tano, tia kimea. Nikafikiri labda vidole vyangu vimekomaa, havisikii moto tena, na kimea nakiunguza mwenyewe. Nikapika uji kidogo, nikauacha upoe zaidi na nikaongeza kimea mara mbili. Ulibadilika rangi tu. Nikabadilisha mfuniko, nikabadilisha maji, yote siku moja. Kila kitu nilikiandika kwenye daftari, na niliposoma nikaona ujinga wangu: nabadilisha vitu vinne kwa pamoja, sasa nitajuaje kipi ndicho?

Nikameza aibu, nikaenda kwa wifi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kuomba nini?"

"Kikombe cha kimea chako."

"Upike kwa changu halafu useme ni chako?"

"Nataka kukishindanisha na changu. Njoo uangalie."

Alikuja, nadhani kwa kutaka kucheka. Nilipika uji mmoja kwenye sufuria moja, nikaugawa bakuli mbili. Kidole cha kupima kilikuwa chake. Bakuli moja tukatia kimea chake, nyingine changu, tukafunika, tukakaa kupukuchua maharage. Tulipofunua, wake ulimiminika kama maziwa. Wangu niliinamisha bakuli, haukusogea.

"Na chako kimesagwa wapi?" nikamuuliza.

"Mashine hiyohiyo."

"Basi mashine haina kosa."

"Haina. Na kidole hakina. Kimea chako kimekufa, wifi. Unakianika wapi?"

Nikamwonyesha. Tulipoezeka nyumba mpya yalibaki mabati mawili, nami nikawa natandaza kimea juu yake kikiwa bado kibichi. Nilijisifu sana, kwamba changu kinakauka siku moja wakati wenzangu wanahangaika siku tatu na mikeka. Ilikuwa saa saba mchana. Wifi aliweka kiganja juu ya bati, akakiondoa haraka. Nikaweka changu, nikakiondoa haraka zaidi.

Lakini sikutaka kulisingizia na bati. Huenda mbegu yangu ilikuwa ya zamani. Nikaotesha ulezi wa gunia moja, nusu nikaanika kwenye bati, nusu kwenye mkeka upenuni, kivulini. Vilipokauka nikasaga kila kimoja peke yake kwa jiwe la nyumbani, nikarudia zile bakuli mbili. Ya bati ikagoma. Ya mkeka ikalegea, nikachovya kidole, nikalamba: mtamu! Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni mpaka kuku wakakimbia.

Nilimlaumu yule mtu wa mashine mbele ya foleni, kwa hiyo nikasubiri foleni iwepo ndipo niende.

"Shemeji, nilikusingizia. Kosa ni bati langu."

"Masikini bati," akasema, "nalo utalisema mbele za watu?"

Siku ya risaga walikuja wote. Walimaliza palizi kabla jua halijawa kali, mpaka mstari wa mwisho kule mpakani. Nikatoa pombe. Mzee mmoja alisema imezidi uchachu kidogo, na alisema kweli, nimeiandika kwenye daftari. Lakini huyohuyo alipotaka kwenda kuangalia mbuzi wake aliinuka nusu, akakaa tena.

"Mzee, mbuzi wanakusubiri!"

"Wasubiri. Miguu imekataa."

Mimi muda wote nilikuwa namwangalia wifi tu. Mwishowe akafuta mdomo. "Baada ya wiki mbili ni zamu yangu," akasema. "Kimea uoteshe wewe."

Nilimjibu kwamba nitafikiria, asione ninavyofurahi. Halafu nikaogopa asije akachukulia kweli, nikamshika mkono palepale: "Nitaotesha, dada. Leo hii naloweka."