Mawe Mia Moja Ishirini na Saba

Mwaka ambao mume wangu alichukuliwa jeshini, nilishindwa kabisa kutulia. Nilifundisha nikizunguka chumba, nilikula nimesimama, na kanisani nilichagua kukaa mwisho kabisa ili niweze kutoka mahubiri yakiwa marefu. Watu walidhani nina mimba, halafu wakadhani nimeanza kurukwa na akili, mwishowe wakanizoea.

Tulikuwa tumetoka Magharibi miaka miwili kabla ya hapo, tukapata kazi katika shamba moja la mzungu nje ya Eldoret, upande wa Kiplombe. Mume wangu aliendesha trekta. Mimi nilikuwa nimesoma kwa wamisionari hadi darasa la sita, na siku zile hiyo ilitosha mtu kuitwa Mwalimu. Nilikuwa mwalimu wa pili katika shule ya shamba, chumba kimoja cha udongo ambamo darasa moja lilielekea ukuta huu na lingine ule. Siku moja mwenye shamba, ambaye sisi sote tulimwita Bwana, aliandika orodha ya wanaume wenye nguvu akaipeleka mjini. Wiki mbili baadaye lori lilikuja. Tukasikia wako Nairobi, kisha wamevuka bahari, kisha wako Bama, wakipigana na Wajapani. Barua ya kwanza ya mume wangu ilinifikia baada ya miezi saba. Alisema yu mzima na kwamba mvua ya huko haina adabu. Basi.

Katika hali hiyo ndipo tukaanza kujenga kanisa.

Ilikatwa shauri kwamba kila nyumba ilete jiwe moja, hata kama mwenye nyumba yuko vitani. Fundi wa mawe, mzee mmoja mkali wa kutoka kwetu, aligawa vijiti vya inchi tisa. Jiwe lako lilipaswa kuwa kijiti kimoja kwa urefu, kimoja kwa upana na kimoja kwa kimo. Tulipasua mawe kando ya Mto Sosiani, tukayabeba mgongoni kwa kamba iliyopita kipajini, na Fundi akayanyoosha kwa tindo. Wanawake wengi walibeba jiwe kwa jina la mume. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kupata habari ya kifo cha mumewe. Alileta jiwe lake siku ya tatu baada ya habari hiyo, akaliweka chini, akarudi kupalilia.

Mawe hayo yalikuwa ya sakafu. Kuta zingekuwa za matope, lakini tulitaka pawe na mawe mahali pa kuingilia na mahali pa meza ya Bwana Yesu. Hapo kulizuka ugomvi. Sisi tuliotoka Magharibi tulikuwa wengi, na Wakristo wenyeji wa nyanda hizi walikuwa na haki ya kusema kwamba ardhi ni yao. Kila upande uliogopa mwenzake angepewa sehemu pana na wao wabanwe pembeni. Wazee walibishana Jumapili tatu, ndipo wakapatana: sakafu ziwe mbili, moja mlangoni na moja mezani, zote za watu wote hata zikitofautiana ukubwa, na kila moja iwe mraba, pande zote sawa, asiwepo wa kusema amepewa upande mfupi.

Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, nilipewa kazi ya kuhesabu mawe na kumwambia Fundi aanze na mraba wa ukubwa gani. Nilihesabu mara mbili. Yalikuwa mia moja ishirini na saba.

Nikadhani ni kazi ya dakika kumi. Niliandika miraba yote ubaoni, moja, nne, tisa, kumi na sita, mpaka mia na ishirini na moja, kisha nikaanza kutoa. Ukitoa mia na ishirini na moja, yanabaki mawe sita, na sita si mraba. Ukitoa mia, yanabaki ishirini na saba, si mraba. Ukitoa themanini na moja, arobaini na sita, si mraba. Niliendelea hadi mwisho, nikakata kila mstari. Nikarudia kutoka chini nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Nilipomweleza Fundi, nyapara wa shamba alikuwa pale. Nyapara huyo ndiye aliyekuwa pia mzee wa kanisa, na alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko alivyoonekana.

"Ongeza moja," alisema papo hapo. "Mia na ishirini na nane. Si ni sitini na nne mara mbili? Nane kwa nane hapa, nane kwa nane pale."

Alikuwa sawa. Akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani. Hata mji wetu, wenyeji waliuita Sisibo, kwa sababu ulianzia kwenye shamba nambari sitini na nne, na hiyo nambari kwa Kiingereza ndiyo iliyogeuka ikawa Sisibo midomoni mwa watu.

"Sisibo na Sisibo," alisema nyapara. "Hii ni ishara. Na jiwe la kuongeza liko. Bwana amesema atatoa lake, limechongwa jina lake na la mkewe, Memsahib. Litakaa katikati."

Jumapili alilitangaza jambo hilo nje ya kibanda tulimokuwa tukisali. Wanaume waliobaki waliitikia kwa vichwa. Ndipo yule mjane akasimama. Hakuwa mtu wa kusema hadharani.

"Bwana ndiye aliyeandika jina la mume wangu kwenye karatasi," alisema. "Jiwe lake halitalala kando ya jiwe la mume wangu. Likiingia, mimi nalitoa letu."

"Mama, usilete siasa katika nyumba ya Mungu," nyapara alisema.

"Nyumba bado haijajengwa."

Wanawake wengine wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, kwa hiyo nyapara akaniangalia mimi.

"Basi Mwalimu atuambie. Bila jiwe la Bwana, inawezekana ama haiwezekani?"

"Nipeni hadi Jumapili ijayo," nilisema.

Wiki ile nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilijua nimekwisha kujaribu miraba yote, lakini moyo ulikataa. Nilifikiri labda tuondoe jiwe moja badala ya kuongeza, nikakuta mia na ishirini na sita nayo haikubali. Ingebidi tuondoe mawili. Na nani angeenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wake wawili kwamba mawe ya waume wao yamezidi?

Jumatano, darasani, nilikuwa nawafundisha watoto kugawanya kwa nne kwa punje za mahindi. Mtoto mmoja alikuwa amepanga punje zake tisa katika mraba, tatu kwa tatu, nikamwambia azitie katika mafungu ya nne nne. Ilibaki moja. Mwenzake alikuwa na ishirini na tano. Ilibaki moja. Nikachukua punje arobaini na tisa mwenyewe, nikapiga magoti sakafuni. Ikabaki moja. Nikajaribu miraba ya kumi na sita na thelathini na sita. Hakikubaki kitu.

Ilinichukua muda wa kufuta ubao kuelewa. Mraba wa upande usiogawanyika kwa mbili hubakiza punje moja daima, na ule wa upande unaogawanyika haubakizi kitu. Basi ukijumlisha miraba miwili, yoyote ile, mafungu ya nne yatabakiza sifuri, au moja, au mbili. Hayawezi kubakiza tatu. Na mia moja ishirini na saba hubakiza tatu.

Sijui kama naweza kueleza furaha ile. Hapakuwa na mtu aliyeniambia jambo hilo. Lilikuwa limelala pale ndani ya mahindi. Furaha ilidumu kama pumzi mbili. Kisha nikakumbuka kwamba nilichokuwa nimekipata ni ushahidi wa kumpa nyapara ushindi.

Baada ya shule nilikwenda kwa Fundi nikamwonyesha, nikichora kwa kijiti mavumbini. Alifuatilia mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo hata malaika hawezi," alisema.

"Hawezi, Mzee."

"Na ukinyamaza? Ukisema bado unatafuta?"

Nilikuwa nimeliwaza hilo njiani. "Nitakuwa nimedanganya kanisani."

Aliguna, akarudi kwenye tindo lake. Nilibaki nikizunguka lundo la mawe. Wakati huo akapita jirani yangu, mama mmoja mwenyeji aliyekuwa akiniletea maziwa ya mgando, mursik, katika kibuyu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini hakikupoteza wakati. Akaniuliza ninatafuta nini, nikamweleza kwa kifupi: mawe haya, sakafu mbili, hayakubali.

Aliyatazama mawe. "Kwani yote lazima yalale chini?" aliuliza. "Sisi kuni tunapanga moja juu ya ingine."

Nikamjibu kwamba sakafu ni sakafu, haipandi juu. Akainua mabega, akaenda zake. Nilikuwa nimefika karibu na nyumbani niliposimama katikati ya njia. Sakafu haipandi, lakini meza hupanda. Meza ya Bwana Yesu tulikuwa tumepanga kuifanya ya mbao. Je, ikiwa ya mawe? Pande zote sawa, urefu, upana na kimo, kama dadu. Mawili kwa mawili kwa mawili ni manane. Matatu kwa matatu kwa matatu ni ishirini na saba.

Ishirini na saba nilikuwa nimeikata ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe. Nikitoa mia, yanabaki ishirini na saba.

Nilirudi mbio. Fundi aliniona nikija akadhani kuna moto.

"Kumi kwa kumi chini," nilisema nikihema, "na juu yake meza, tatu kwa tatu kwa tatu. Halibaki hata moja!"

Alichukua kijiti cha inchi tisa, akakipima hewani mara tatu kutoka chini. Kilimfika pajani. Akaweka ubao mmoja wa kufikiria juu yake kwa kiganja.

"Ni kimo cha meza," alisema polepole. Kisha akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka.

Jumapili nilisema yote mawili. Nilianza na lile baya, kwamba miraba miwili haiwezekani, nikaona nyapara akianza kutabasamu. Kisha nikasema la pili. Akapinga kwamba tulipatana miraba miwili, si mraba mmoja na sanduku. Fundi akasimama.

"Tulipatana pande ziwe sawa," alisema. "Njoo na kijiti upime. Kama utapata upande mfupi, nitavunja kwa mkono wangu."

Hakuna aliyekwenda kupima. Sakafu ya mlangoni ilibaki ya udongo, na hakuna aliyeiulizia. Fundi alimaliza kabla ya mvua kubwa, na kwa kuwa mawe hayakuwa na alama, hakuna mke aliyejua la mumewe liko wapi. Baadhi walilia kwa ajili hiyo. Mjane yule alisema ni afadhali.

Bwana alikuja kuona, amepanda farasi. Alishuka, akaingia akiwa amevua kofia, akaizunguka meza.

"Nani alifanya hesabu?" aliuliza. Nyapara akanyoosha kidole kwangu.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu, Bwana. Nilitumia mahindi."

"Kazi nzuri," alisema, na nadhani alimaanisha. Hata hivyo, muhula ulipokwisha nyapara alinijulisha kwamba shamba halihitaji mwalimu wa pili, na nyumba itahitajika. Sikujua kamwe kama neno hilo lilitoka kwa Bwana ama kwa nyapara mwenyewe. Mama wa maziwa alinikaribisha kwake majuma mawili, kisha nikahamia mjini, nikapata darasa katika shule ya kanisa karibu na stesheni. Nililia kidogo tu. Nilikuwa nimechoka kuitazama barabara ile ambako lori lilipita.

Mjini nilianza mchezo mpya. Kama mraba na dadu vinaweza kusaidiana, nilijiuliza, na ukiongeza pia namba zinazozidishwa kwa zenyewe mara nne au tano, je, bado ziko namba zinazokataa kugawanyika katika mbili za aina hiyo? Ziko. Sita inakataa. Saba, kumi na moja, kumi na nne, kumi na tano zinakataa. Nilitafuta kanuni kama ile ya mahindi, nikakosa. Nilijaza daftari zima la namba zenye ukaidi, nikitembea kutoka dirisha hadi mlango.

Mume wangu alirudi vita vilipokwisha. Alikuwa amekonda, sikio moja halisikii, na kelele za treni zilimfanya ainuke ghafla kutoka kitini. Wiki za kwanza hatukujua la kuambiana. Niliuliza kuhusu Bama, akasema mvua. Aliuliza kuhusu shamba, nikasema tulijenga kanisa.

Alasiri moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mezani na daftari langu mbele yake. Alikuwa na penseli.

"Hizi ni za nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza kwa sikio zima, ameinamisha kichwa. Halafu akaanza kushuka na orodha polepole, namba moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Nilivua viatu, nikavuta kiti kingine.

"Thelathini na moja umekosea," alisema mwishowe. "Ishirini na saba na nne."

Nikaitazama. Alikuwa sawa. Nikachukua raba, naye akasogeza daftari katikati yetu ili sote tuone, tukaendelea na thelathini na nane.