Matabishi ya Kahawa ya Nyabiondo

Niliondoka Goma kwa sababu ya neno moja la simu. Mimi ni transitere: ninapokea mzigo wako, ninauandikia karatasi, ninautafutia lori na nafasi katika kontena, ninauvusha mpaka hadi upandishwe melini Mombasa. Meli haijui Nyabiondo, na Nyabiondo haijui meli. Katikati njo niko mimi na kalamu yangu. Sasa akina mama wa Nyabiondo walikuwa wanatuma kahawa yao ng'ambo kwa mara ya kwanza, magunia arobaini, bila kupitia kwa mchuuzi yeyote. Mnunuzi alikuwa amesema wazi: ikifika vizuri atarudi, isipofika vizuri basi. Nilikuwa nimeandika kila gunia kilo sitini, na karatasi zilikuwa zimeshatumwa. Jumatatu nikampigia Mama Sifa, kiongozi wao, nikamuuliza kama wamemaliza kushona.

"Tuliisha kumaliza, dada! Na kila gunia tumeongeza kidogo."

"Mumeongeza nini?"

Rezo ya simu ikakatika, na haikurudi tena siku ile.

Nikabaki naitazama simu. Wameongeza nini, jamani? Maji? Mawe? Mpakani wanapima, na gunia lisilolingana na karatasi linasimamisha lori zima, pamoja na mizigo ya wateja wengine. Na lori la Mombasa lilikuwa linaondoka Goma Jumamosi, kahawa ya Nyabiondo iwemo ao isiwemo. Nikachukua mizani yangu ya kuning'iniza, nikamwita kaka Elie mwenye pikipiki.

Jumanne asubuhi tulipita Sake, barabara ikaanza kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha, na matope ya huko hayana adabu. Kaka Elie huimba nyimbo za kanisa kila tunapoteleza, na siku ile aliimba kitabu kizima. Nilikuwa nimekasirika tangu Goma, lakini milima ya Masisi ni kijani mpaka inachekesha, na ng'ombe wanasimama barabarani wakikutazama kana kwamba wewe njo umewachelewesha. Kufika juu, nilikuwa naimba naye.

Masisi centre tulifika saa kumi, tukalala kwa Mama Jeanne, ambaye familia yake inafuga ng'ombe na kuuza maziwa. Asubuhi nilinunua litre moja ya njiani. Akajaza chupa hadi kwenye kifuniko, kisha akamimina kikombe kingine kizima.

"Na hii, Mama?"

"Matabishi, dada. Unaenda mbali."

Nikanywa, nikafuta mdomo, nikapanda pikipiki. Sikufikiri kitu chochote. Mjinga mimi.

Jumatano saa sita, Nyabiondo. Mama Sifa alinikumbatia mpaka mizani ikaniumiza ubavu. Magunia yalikuwa yamepangwa vizuri ndani ya depo, ghala lao, yameshonwa kwa uzi mwekundu, na harufu ilikuwa safi. Nikaning'iniza la kwanza: kilo sitini na moja. La pili: sitini na moja na nusu. La tatu: sitini na gramu mia nane. Kila gunia na uzito wake! Nikapandisha sauti.

"Mama Sifa, hii ni nini?"

"Matabishi," akajibu, akishangaa kwamba nauliza. "Tulipima makumi sita kamili, halafu kila mama akamuongezea ule mununuzi kopo yake. Iko mbali vile, tumupe makumi sita kavu tu? Atasema watu wa Nyabiondo iko wachoyo."

Nikakumbuka kile kikombe cha maziwa. Sokoni kwetu nani anapima bila kuongeza? Hata mimi muuza maharage asiponiongezea, sirudi kwake. Lakini nilikuwa na Jumamosi kichwani.

"Toeni," nikasema. "Yote. Leo."

"Nilishamupa, dada. Nimunyang'anye? Nitakuwa muntu wa namna gani?"

Wenzake wakakunja mikono. Nikaeleza mpaka, nikaeleza lori, nikaeleza meli, jasho likanitoka. Nikawaambia kwamba kwa huo wema wao wataipoteza kahawa yote na mnunuzi wao pia. Mama Sifa machozi yalimlenga, lakini hakusogea. Hapo aliongea Papa Marcel, mkulima wa msituni Walikale. Magunia manne yalikuwa ya kijiji chake. Waliyabeba mgongoni, mwendo wa siku mbili.

"Dada, hiyo karatasi yako inaandika bya kuuza. Haina fasi ya kuandika zawadi?"

Miaka yote hii katika kazi, sikuwahi kujiuliza.

Mimi na kaka Elie tukapanda kilima, mahali ambapo rezo hupatikana ukiinua simu juu ya kichwa. Nikampata mwenzangu wa Mombasa anayenipokelea mizigo.

"Zawadi?" akauliza. "Bila mnunuzi kuomba? Subhanallah! Basi iandike peke yake, uzito wake kamili, useme haiuzwi. Nitumie kesho kabla ya jioni, nami nibadilishe huku."

Niliwapigia kelele kutoka kule juu, na vigelegele vikanijibu kutoka chini.

Alhamisi tulifumua magunia arobaini. Kila moja tuliliteremsha hadi sitini kamili, tukalishona tena, na ziada ikaingia gunia la arobaini na moja. Kila mama alimimina kopo yake kwa mkono wake, akitaja jina lake ili mnunuzi asikie. Papa Marcel alitaja kijiji kizima. Nikapima: hamsini na moja. Nilipoinama kuandika, nikaona Mama Sifa amenyoosha mkono juu ya gunia, kopo imejaa.

"Mama, unafanya nini?"

"Naongeza ka matabishi."

"Juu ya matabishi?"

Depo nzima ikapasuka kwa kicheko, hata Papa Marcel akaketi chini. Kopo ile tuliikaanga, tukainywa sote.

Ijumaa, karatasi mpya zikiwa zimeshatumwa Mombasa, nilirudi Goma juu ya lori lililobeba kahawa, nimekalia magunia. Jumamosi tuliihamishia lori la Mombasa, na mpakani afisa alipima moja moja: sitini, sitini, sitini. Akafika la mwisho, akasoma karatasi, akaita wenzake.

"Mama, umeandika matabishi?"

"Ndiyo. Kilo hamsini na moja. Pima."

Akapima. Akagonga muhuri huku anatikisa kichwa na kucheka.

Nilikuwa najisifu kwamba najua kuandika kila kitu kinachovuka mpaka. Ilibidi nipande hadi Nyabiondo nijue kuna kitu sijawahi kukiandika.

Miezi ikapita, agizo jipya la mnunuzi yule likafika. Nikampigia Mama Sifa, na siku hiyo rezo ilikuwa nzuri. Nikamsomea: "Magunia themanini, na matabishi."

Nikamsikia analia. Akapenga kamasi.

"Themanini, dada? Basi gunia ya matabishi uandike mbili."