Macho ya Mkwe Ghalani

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usiongeze utamu wako wa shule. Mimi sikusoma. Lakini niliyokutana nayo ghalani nayajua kwa mwili mzima, na wale wanaocheka wanaposomewa kanuni za kazi ndio ninaotaka wayasikie.

Ghala lilikuwa nje kidogo ya mji wa Tarime, ukishapita maduka ya Bomani. Sisi wanawake tulikaa sakafuni upande wa nyuma, tukichambua maharage: mabovu huku, mawe kule, mazima katika ndoo. Magunia yalipangwa safu juu ya safu mpaka karibu na mabati. Kati ya safu palikuwa na ujia mmoja, na katika ujia huo ilipita foklifti, gari fupi lenye vyuma viwili mbele vya kubebea mizigo. Madereva waliviita uma. Sisi wafugaji tuliviita pembe, na sijaona jina lililo bora kuliko hilo. Aliyeiendesha alikuwa baba yako.

Usiinue kichwa. Andika.

Unajua jinsi tulivyolelewa sisi Wakurya. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Akimwona njiani, huiacha njia. Mama mkwe naye hujitanda kitenge na kugeukia pembeni, mpaka kila mmoja apite salama na heshima yake. Hivyo ndivyo baba yako na mimi tulivyofanya kazi chini ya paa moja. Akipita, mimi niliinamia maharage, naye alitazama mabati.

Siku moja akaletwa afisa wa usalama, kijana kutoka mkoa mwingine, mwenye adabu. Alitusalimu shikamoo mmoja mmoja, akachora mstari wa manjano sakafuni, kisha akasema, "Mama zangu, foklifti haigeuki kama gari mnazozijua. Inageuzwa na magurudumu ya nyuma. Mbele ikienda kulia, mkia unafagia kushoto. Kwa hiyo hakuna kuvuka ujia kabla hujamtazama dereva machoni, naye akakutazama, akakupungia mkono."

Jirani yangu, mwanamke asiyejua kunyamaza, alidakia, "Machoni kabisa? Mwanangu, kwenu wake za watu hutazamwa hivyo?"

Tulicheka. Afisa naye alicheka. Kisha yule jirani akanipiga kiwiko na kusema, "Na huyu mwenye mkwe juu ya hilo dude atavukaje? Arushwe kwa manati?"

Kicheko kikazidi. Afisa hakuelewa, wala hapakuwa na aliyemweleza. Mambo ya ukwe hayaelezwi kwa mgeni katikati ya kazi.

Hazikupita siku nyingi. Nilijitwika ndoo yangu kuipeleka kwenye mizani, nikaingia ujiani. Foklifti ikatokea mbele yangu, haina mzigo, pembe zimeinuliwa usawa wa kifua. Hilo pia lilikuwa limekatazwa. Baba yako akaniona, nami nikamwona. Tukafanya kile tulichofundishwa tangu utoto: mimi nilijitanda kitenge nikageukia magunia ya kushoto kwake, naye akageuza uso na kukata usukani kulia ili aniachie njia.

Alinipa heshima, na mkia wa foklifti ukanifuata.

Nilisikia ndoo ikilia sakafuni. Nilipogeuka, chuma kikanibana kiunoni, mgongo wangu ukiegemea magunia, na pumzi ikakataa kushuka. Upande wa pili wa ujia pembe zilikuwa zimezama katika gunia la katikati ya safu. Maharage yalianza kumwagika, kwanza kidogo kidogo, kisha kama maji ya mfereji. Gunia lile lilipokuwa likinywea, safu yote iliyokuwa juu yake ikaanza kuinama, na ilikuwa ikiinamia kwangu.

"Zima!" wanawake walipiga kelele. "Usizime, rudi nyuma!" wengine wakajibu.

"Asirudi!" afisa alipaza sauti akija mbio. "Akirudi moja kwa moja atamsaga! Kijana, kaa humo humo, usiruke, mkanda usifungue. Geuka umtazame mama, uone unakorudi!"

Baba yako hakugeuka. Niliona kisogo chake na jasho likishuka shingoni. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, haiendi huku wala kule.

"Mtazame!" afisa alirudia.

"Siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mama mkwe."

Sijawahi kumwona mtu aliyeduwaa kama yule afisa. Juu yetu gunia moja lilitoka katika safu na kuanguka sakafuni kwa kishindo. Vumbi likajaa. Nikajua kwamba nikiendelea kuwa mkwe, nitakuwa maiti.

Nilikitupa kitenge kutoka kichwani. Nilikuwa na pumzi ya neno moja tu, nikalitumia.

"Nitazame!"

Akageuka. Ndiyo siku niliyojua kwamba baba yako ana kovu juu ya nyusi. Macho yake yalikuwa mekundu, yamejaa machozi, na hayakunikwepa. Niliinua mkono kama nilivyokuwa nikiwaongoza ng'ombe wa plau wanapopinda mwisho wa shamba: taratibu, taratibu, mkia utoke huku, uende kule. Yeye alitazama mkono, akatazama macho, akanipungia mkono. Foklifti ilinguruma, ikasogea upana wa kidole. Nikaonyesha tena. Ikasogea upana wa kiganja. Pumzi ikaingia. Jirani yangu yule mwenye maneno mengi alinikamata mkono na kunivuta kando ya safu, nikaburutika kama mtoto.

Pembe zilipochomoka, safu ilikuja yote. Magunia yalianguka pale pale nilipokuwa nimesimama, mengine yakadunda juu ya paa la chuma linalomkinga dereva. Angeruka kunikimbilia, yangemfunika. Alikaa na mkanda wake kama alivyoamriwa, akatoka akiwa mweupe kwa vumbi, hana mchubuko.

Afisa alisema neno lake kabla jua halijatua. "Nawaheshimu, lakini siwezi kuweka humu watu wawili wasiotazamana. Mmoja wenu ataondoka."

Mshahara wa baba yako ndio uliokuwa ukikulisha. Maharage yangu ndiyo yaliyomlisha babu yako mgonjwa. Nilikwenda kwa wazee wa ukoo nikichechemea, kwa kuwa kiuno hiki hakijanyooka tangu siku ile.

Mzee mmoja alinikemea. "Kumtazama mkweo usoni ni kumvua nguo."

"Ningekufa," nilimjibu, "mngenitazama ninyi nyote ndani ya sanduku, naye angekuwa aliyeniweka humo. Hiyo ndiyo heshima mnayoitaka?"

Waliteta kando. Mwishowe yule yule aliyenikemea alisema kwamba ukwe ubaki nje ya geti, kama fimbo inavyoachwa nje ya nyumba, na mtu aichukue anapotoka. Mbuzi alichinjwa, tukala, neno likapita. Afisa alipoelezwa, alikubali tubaki sote, ila akaapa kutuangalia yeye mwenyewe.

Sasa akinikuta kwenye mstari wa manjano, baba yako husimamisha foklifti, hushusha pembe mpaka sakafuni, hunitazama machoni, hupunga mkono. Nami humtazama, hupunga mkono, ndipo navuka. Wasichana wapya hucheka. Nawaacha wacheke, ila asiyepunga mkono namrudisha nyuma kwa fimbo yangu.

Jioni tukitoka getini yeye hutangulia mbali. Na nikimkuta kwenye njia ya nyumbani, huingia katika mahindi ya watu, akasimama humo kimya akiwa amenipa mgongo, mpaka nipite.