Kiti cha Mbele

Huku Masisi, mwanamke akisafiri na gari la kazi hupewa kiti cha mbele, kando ya dereva. Ni heshima. Sisi wanaume tunapanda nyuma juu ya magunia na kujiona tumestaarabika. Mimi, mkuu wa timu ya mbegu, "Papa chef" kwa wenzangu, mwenye shahada ya chuo kikuu na koti lenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia, ndiye niliyeisimamia heshima hiyo kuliko wote.

Asubuhi ile tulikuwa kwenye depo, ghala letu la Bihambwe, tukipakia maharage ya mbegu kwenda Hombo, safari ya kulala njiani. Mvua ilikuwa inanyesha. Agronome wetu, mtaalamu wa kilimo, dada aliyekuwa mgeni kazini, alikwishapanda juu ya magunia.

"Dada, shuka. Kiti yako iko mbele."

"Hapa iko muzuri, Papa."

"Na mvua hii?"

"Mvua haina mikono."

Dereva akacheka. "Papa chef, dada yetu anapenda hewa!" Wapakiaji wakacheka naye. Nami nilikuwa nimeanza kutabasamu, nikamwona mama anayefagia depo. Yeye hakucheka. Alitazama chini.

Nilimwita yule dada kando, mbali na masikio ya watu. Alisema machache: mkono wa dereva kila anapobadilisha gia, na mlango wake kugongwa kila wanapolala njiani. Nikatoa hekima yangu yote: "Basi baki hapa, upumzike."

"Miye njo nabaki? Yeye aende, miye nifagie depo? Watu watasema nimefukuzwa."

Nikaiweka shahada yangu kando.

"Unataka nini, dada?" Swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza.

"Kufanya kazi yangu. Na malalamiko ifike ofisi kubwa, Goma. Sitaki wazee watupatanishe, sitaki bia na mbuzi ya kusameheana."

Nikamwendea dereva. Tunasali kanisa moja, na hakuna aliyejua tope la barabara ile kama yeye.

"Nipe ufunguo. Leo hauendi."

"Sababu ya mchezo tu?"

"Kuna malalamiko. Goma watakuita, watakusikiliza. Mpaka hapo hauendeshi."

"Na nani atawafikisha Hombo? Wewe?" Kisha akashusha sauti. "Papa, tuongee kama ndugu. Kesho naleta mbuzi nyumbani."

Mkono wangu ulibaki umenyooshwa. Wapakiaji walikuwa wameacha kupakia. Mwishowe aliutupa ufunguo juu ya gunia, akaondoka.

Niliandika ripoti, dada akaisoma kwanza, ndipo nikaituma Goma. Nilipokuwa nikiwasha injini, yule mama wa depo akasogea dirishani.

"Na wale dada waliofanya kazi mbele yake, Papa? Wewe njo ulikuwa unawafungulia mulango."

Nilishika usukani mwenyewe, na kabla hata ya kukipita kijiji cha Muheto nikatukwamisha kwenye tope. Dada akashuka, akatazama magurudumu.

"Papa, hivi Hombo tutafika mwaka kesho."

Tulisukuma wote mpaka gari likatoka. Nilimfungulia mlango wa mbele, kwa mazoea. Akautazama, akapanda tena juu ya magunia. Nikaufunga, tukaendelea, mvua ikimpiga na kiti kikiwa kitupu kando yangu.