Kisukuma cha Bibi Yangu

Niliposhuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya bibi, kijijini nje ya Kahama, nilimkuta jirani yake kasimama mlangoni ananisubiri. Ndiye aliyenipigia simu kule Geita, ninakopika kwenye kambi ya mgodi. "Njoo haraka, mwanangu," aliniambia. "Bibi yako hataki kula, na kutwa anamwita mjukuu wake." Mjukuu mwenyewe ni mimi. Nikaingia, nikapiga magoti, "Shikamoo bibi!", machozi yamenijaa. Akanitazama vizuri, akamgeukia jirani, akasema kitu kwa Kisukuma. Nikaambulia neno mojamoja tu. Anasemaje? nikamuuliza jirani. "Anasema mgeni apewe kiti."

Ndugu yangu, we acha tu.

Na usidhani sikuwahi kukijua Kisukuma. Likizo zote za mwezi wa sita nilizimalizia hapohapo. Kiangazi kikikaza tulikuwa tunapanda na bibi juu ya majabali, viazi vitamu vimejaa kwenye ungo. Yeye anamenya, mimi nakata vipande vyembamba, tunavianika juu ya jiwe la moto mpaka vikauke viwe michembe, chakula cha miezi ya njaa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kufukuza mbuzi, na mbuzi wa bibi walikuwa wezi hasa! Mikono ilinata utomvu, nyayo ziliungua, na ile harufu tamu yenye vumbi ilinikaa kwenye nywele mpaka shule inafunguliwa. "Geuza, geuza," alikuwa akiniambia, "upande wa chini nao unataka jua." Alisema kwa Kisukuma, nikamjibu kwa Kisukuma, nikamtania kwa Kisukuma, usiku nikaota kwa Kisukuma. Akajisifu kwa wenzake kisimani kwamba huyu wangu anakaa mjini lakini anaongea kama aliyezaliwa zizini.

Halafu baba akapata udereva mgodini, tukahamia nyumba za wafanyakazi. Siku ya kwanza tu akatuambia kilugha kinaishia getini. Simlaumu sana. Wenzake waliotoka kila mkoa walikuwa wakiigiza lafudhi yake kantini, wakivunjika mbavu, na bosi wake mzungu alimbandika jina jingine kwa sababu la kwetu lilimshinda. Alitaka sisi tusichekwe. Basi hatukuchekwa. Likizo zikawa za tuisheni, Kiswahili kikanyooka, Kiingereza kikafuata, na leo naweza kumuuliza mtu wa Australia au Afrika Kusini yai lake liive kiasi gani. Mwanangu ndiyo usiseme. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na mimi huyo natembea kifua mbele!

Bibi alikuwa na Kiswahili chake cha sokoni, tukaelewana hivyohivyo miaka yote. Uzee ulipomwingia kichwani, kilichokuja mwisho kikatangulia kuondoka.

Jirani alinieleza kwa upole. Bibi anajua mjukuu wake anaongea Kisukuma, kwa hiyo huyu mama wa Kiswahili hawezi kuwa yeye. Nikajaribu, jamani! "Mwangaluka, bibi," nikasema, na ilikuwa jioni. Salamu ya asubuhi ndiyo pekee iliyokuwa imenibaki mdomoni. Bibi akacheka kidogo, kwa adabu, kama unavyomchekea mtu wa mbali anayejitahidi.

Nikakimbilia jikoni. Michembe ilikuwapo kidogo kwa jirani, ya kununua sokoni, maana majabali yetu yamepasuliwa kokoto na shamba la viazi limo ndani ya uzio wa mgodi. Nikaichemsha, nikatia karanga za kutwanga, nikaiponda ilainike kwa kuwa hana meno tena. Nikamlisha. Akala! Akameza, akafungua kinywa aongezwe. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa Kiswahili, nalia, nikilitaja jina alilonipa mwenyewe: bibi, ni mimi, nitazame, ni mimi!

Akanipigapiga mkono. "Wabeja," akasema, yaani asante, kisha akamwambia jirani maneno marefu. Jirani akainamisha kichwa.

"Nieleze tu, mama."

"Anasema unapika vizuri sana. Anasema kilichobaki kifunikwe. Mjukuu wake yuko njiani, atafika na njaa."

Watu wananiambia mila zetu bado zipo, wananionyesha ngoma za jukwaani, vijana wamevaa shanga. Sawa, zipo. Mimi nilihitaji sentensi moja tu ya kumwambia bibi yangu, na sikuwa nayo. Yule mtoto aliyekuwa nayo alikuwa mimi, na sijui nimpate wapi.

Nilikaa naye mpaka mwisho. Alikata roho nimemshika mkono, macho yake yako mlangoni.