Zamu ya Tabea

Tabea Akyoo alipohamia yale maghorofa ya kukodi, kule mwisho wa Njiro ambako daladala haifiki, watu wa kwao mlimani walisema uzee umemchanganya. Mjane mzima, ana shamba lake la parachichi, anatafuta nini kwenye nyumba ya vioo?

"Natafuta lifti," aliwajibu kwa upole.

Goti lilikuwa limekataa. Miaka yote lilimpandisha na kumshusha miteremko ya Meru na mikungu ya ndizi kichwani. Sasa lilitaka kupumzika, na parachichi zilimpa uwezo wa kulipumzisha.

Ndani palikuwa pazuri, Mungu ashukuriwe. Maji ya moto yapo, jiko halitoi moshi. Tabu ilikuwa nje. Pale kila mtu ana gari. Hakuna genge la nyanya, wala duka la kununua chumvi ikikuishia ugali ukiwa jikoni. Tabea alikwenda kanisani kwa bodaboda, kaketi upande, Biblia kifuani, na majirani walimpita vioo vimefungwa.

Hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni geti. Mgeni wa miguu haingii, kwa kuwa kinachoandikwa pale ni namba ya gari. Mama Rachel, mwenzake wa jumuiya, alikuja kumsalimia na kikapu cha ndizi, akarudishwa nacho.

Basi sala za jumuiya, zinazozunguka nyumba kwa nyumba, zikafika kwake. Mwenyekiti wao, mzee Philemoni, akapiga simu. "Mama, safari hii tukuruke tu. Twende kwa Magreth anayekufuata, tusisumbuane na hao wa getini."

"Mzee, nimehama nyumba, sijahama kanisa. Jumamosi ni zamu yangu."

Akashuka kwa Allen, kijana anayesimamia maghorofa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jumamosi nina wageni wa sala."

"Wana magari?"

"Wana miguu."

Allen akacheka. "Hapo sasa, mama! Utaratibu ni mgeni aje na gari. Ni mambo ya usalama."

"Gari la namna gani?"

"Lolote tu, mama."

"Haya. Asante, baba."

Jumamosi asubuhi likaja Canter la Eliasi, lile linalombebea parachichi. Nyuma, jumuiya nzima imesimama, kanga zinapepea, wimbo umeshaanza tangu barabarani. Tabea alikuwa getini anawasubiri.

"Yeyo," akauliza Koikai, mlinzi, ambaye humwita mama kwa Kimaasai, "gari hili la nani?"

"La mgeni wangu."

"Na hawa wa juu?"

"Amekuja nao. Andika namba."

"Andika vizuri, baba!" Mama Rachel akapaza sauti kutoka juu. "Leo kikapu changu hakirudi!"

Koikai akaandika, anang'ata midomo asicheke, akafungua.

Allen akaja mbio. "Mama, hii siyo! Wenye magari watalalamika."

"Ulisema gari lolote."

"Nilimaanisha..."

"Ulimaanisha wasio nacho wasiingie, ukaona haya kulisema." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Kodi nalipa kama wao, mwanangu. Mlangoni kwangu anaingia niliyemwita. Ukitaka kunitoa, nitoe, lakini leo nina sala."

"Nitamwambia mwenye nyumba."

"Mwambie. Na umwambie Jumamosi ijayo nimeomba zamu tena."

Lifti ikapanda na kushuka mpaka wote wakafika. Viti havikutosha, wakaketi chini kwenye marumaru, viatu vimejaa nje ya mlango. Mzee Philemoni akamwinamia mwenyeji. "Mama, leo tuimbe polepole, au siyo? Wasije wakakufukuza."

Tabea akaenda akafungua madirisha yote, moja baada ya jingine.

"Tuimbe kama tunavyoimba siku zote," akasema, na wimbo akauanzisha mwenyewe.