Ubao wa kusimama juu ya maji: mawimbi yalinisamehe, utulivu ndio ulionimaliza

Wakuu, poleni na mihangaiko. Naandika kutoka Goma, Kiswahili changu kina vumbi la volkano, mtanivumilia. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na kwa hali niliyonayo sina hata nguvu ya kutunga uongo.

Nilikuwa naongoza wageni kwenye hoteli moja kando ya ziwa Kivu. Kayaki, kuogelea, kutembeza watu kwa boti. Vita ilipoingia mjini wageni wakatoweka, hoteli ikafunga geti, nasi wafanyakazi tukarudi kwetu kuangalia dari.

Mzungu mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi aliondoka na begi la mgongoni tu, akaniachia ubao wake. Ni ule wa kupiga kasia ukiwa umesimama, wenyewe wanauita SUP. Unaujaza upepo kwa pampu ya mkono, ukimaliza unautoa upepo na kuukunja kama mkeka.

Kwenye mfuko wa ubao kumeandikwa kwamba unafaa kila mahali. Maji tulivu, mawimbi, mto, uvuvi, hata mazoezi ya viungo. Mtaani kwetu Murara wakaubatiza chukudu ya mayi, yaani ya maji. Chukudu, kwa msioijua, ni ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo.

Sasa sikieni kilichokuwa mezani.

Mke wangu, Mama Asha, alikuwa ameshafunga mizigo. Dada yake yuko Kampala, amempa chumba. Mimi siwezi kuondoka, mama yangu mzazi amelala kitandani na hawezi safari. Tukakubaliana hivi: ubao ukionyesha kwamba unaweza kutulisha, familia inabaki pamoja. Ukishindwa, yeye anaondoka na watoto.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Vijana wa Goma wanapenda picha kuliko chakula. Jumapili wamejaa ufukweni. Nani asingelipia picha amesimama juu ya maji?

Jaribio la kwanza nililifanya alasiri, ufukwe wa umma. Sisi watu wa Goma tumezoea kupiga goti moja kwenye chukudu na kusukuma kwa mguu wa pili. Mwili ukafanya ulichozoea, nikapiga goti moja. Ubao ukalala upande, nikanywa maji mbele za watu.

Nikarudi juu, safari hii nimesimama. Upepo wa alasiri ukaleta mawimbi, nikaanguka tena, na tena. Watu walicheka hadi nikasahau kwamba sikuwa nimeenda pale kuchekesha. Hakuna aliyeomba kujaribu.

La pili nikasogea mbali na ufukwe, mchana, ambako mawimbi hayavunjiki. Huko nilisimama vizuri kabisa. Ila upepo ukanisukuma taratibu upande wa Gisenyi, na Gisenyi ni nchi nyingine. Boti ya doria ikanijia kwa filimbi. Nikakalishwa juu ya ubao mikono kichwani, nikaulizwa napeleka nini na kwa nani. Waliniachia kwa onyo kwamba nisiende mbali na ukingo.

Kwa hiyo wakuu, alasiri imekataa, katikati ya ziwa pamekataa. Ikabaki asubuhi, ziwa likiwa limelala, karibu na mawe, kwenye kaghuba kasikopitiwa na upepo. Nikamwomba Mama Asha aje aone kwa macho yake kabla ya kuamua.

Alikuja baada ya sala ya alfajiri. Alishika pampu akaujaza ubao yeye mwenyewe, mimi nikifunga kasia. Nikamvalisha jaketi la kuelea, akaketi mbele, miguu ameikunja. Mimi nikasimama nyuma yake.

Maji yalikuwa kama kioo. Ubao ukateleza bila kutikisika, na kwa mara ya kwanza tangu vita nikasikia furaha. Nikaanza kuongea. Hapa tutaweka viti, pale utauza chai, Asha atarudi shule. Kindege kimoja kilikuwa kinaelea kimekufa kando ya mawe. Nilikiona, nikapita.

Mama Asha akasema kichwa kinakuwa kizito. Nikamwambia ni njaa, tutakunywa chai tukirudi. Akanyamaza. Mimi nikadhani ananyamaza kwa sababu ameanza kukubali.

Kisha akainama taratibu, akalala mbele ya ubao kama mtu aliyesinzia.

Nikachuchumaa kumshika. Nilipovuta pumzi nikiwa chini, kifua kikabana, moyo ukaanza kupiga kama unataka kutoka. Hapo ndipo nilipoelewa.

Mazuku.

Ni hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu kwa sababu ya volkano. Haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inajikusanya chini, hasa asubuhi pasipo upepo. Mtoto yeyote wa Goma anakatazwa kushuka kwenye mashimo ya mawe alfajiri. Nami nalijua hilo tangu utoto. Ila nilizoea kuiwaza kwenye mashimo. Juu ya maji haikunijia akilini.

Mimi nilikuwa nimesimama, kichwa changu kiko juu ya hewa hiyo. Yeye alikuwa amekaa ndani yake.

Nikasimama tena, nikapiga kasia kuelekea ziwa wazi kwa nguvu ambayo sikujua ninayo. Upepo ulipotugusa, akakohoa, akatapika, akafungua macho. Alhamdulillah.

Akanawa uso kwa maji ya ziwa. Halafu akasema, bila hasira yoyote:

"Papa Asha, miye nilikuwa nakufa, na weye ulikuwa unaniambia niangalie mayi namna iko muzuri. Kama ningekufa, batoto bangebaki na nani?"

Nikapiga kasia kuturudisha ufukweni, nikikwepa kaghuba kale.

Wiki hiyohiyo waliondoka. Wamepita njia ya Bunagana, wakavuka mpaka kuelekea Kampala. Alinipigia kutoka mpakani kunijulisha kwamba watoto wamekula. Nyumba imekuwa kubwa, wakuu. Mama yangu ananiuliza kila siku Asha yuko wapi, na kila siku namweleza upya.

Funzo ni hili: kabla ya kumwambia mwenzako kwamba hewa ni nzuri, kaa kwanza pale alipokaa yeye. Nimelijua nikiwa nimeshachelewa.

Watu wanataka kuununua ubao, nawakatalia. Umeegemea ukuta wa sebule na bado haujatolewa upepo. Upepo uliomo aliujaza yeye. Kila asubuhi naubonyeza kwa kidole, na naona unapungua.

Mliowahi kubaki peke yenu namna hii, niambieni mnaishije. Na wanaotaka kunitukana, karibuni pia, nitasoma yote.